Ayubu anasifiwa kabla hajafanya lolote: jibu langu

Mkuu, umeuliza kwa nini kitabu cha Ayubu kinamwita "mkamilifu na mwelekevu" tangu mstari wa kwanza, badala ya kutuacha tumjue wenyewe. Hata mimi lilinikera miaka mingi, nikaona ni uvivu wa msimulizi.

Siku moja nikiongoza kikundi cha kujifunza Biblia, nilinakili hotuba za Ayubu na za wale marafiki waliokuja kumfariji katika mateso yake, akiwamo Elifazi, kwenye karatasi, nikafuta majina, nikauliza nani ana haki. Karibu wote walikuwa upande wa Elifazi! Mzee mmoja akasema, "Huyo anayelalamika kuna kitu anaficha."

Hapo nikaelewa. Ile sifa ndiyo inayobeba kesi nzima. Elifazi anashikilia kwamba anayeteseka ana kosa, na bila 1:1 maneno yake yanaingia akilini kabisa. Ukiwa nayo, unafika sura ya 22 anapodai Ayubu aliwavua maskini nguo na kuwaondoa wajane mikono mitupu, unashtuka: huyu bwana anabuni dhambi ili imani yake isivunjike. Mwandishi hataki uyumbe, ndiyo maana sifa ileile anaitia kinywani mwa Mungu mara mbili, 1:8 na 2:3.

Sasa fungua 2 Samweli 11. Mfalme Daudi amelala na mke wa askari wake Uria, na sasa anataka Uria aende nyumbani ili jambo lifichike. Msimulizi hapa kanyamaza. Hamwiti Daudi mwovu. Anamleta tu Uria, Mhiti, anayekataa kwenda kulala kwake wakati Sanduku la Agano na jeshi wako vibandani. Analeweshwa, bado haendi. Mgeni mwaminifu kwa namna hiyo anamshtaki mfalme bila kujua, na neno la kulaumu linakuja mwisho kabisa wa sura, kwamba jambo lile lilimchukiza BWANA. Kufika hapo umeshahukumu mwenyewe.

Kuna na wahusika wanaojisifu wenyewe. Nabii Samweli akiwaaga Waisraeli (1 Samweli 12) anauliza ametwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani. Anasafisha jina kwanza, kisha ndipo anawakemea watu kwa kutaka mfalme. Ila usiruke mstari wa 2, anapogusia harakaharaka kwamba wanawe wapo pamoja nao. Ni walewale waliokula rushwa sura ya 8. Mimi naona mwandishi anatukonyeza hapo. Kikundini waliniambia nimezidisha.