Mbuzi ya Nazi na Mtihani wa SAT

Juzi dada mmoja wa Kisauni aliniandikia: "Kaka, nasikia ulifanya SAT mara mbili. Naomba ile orodha yako ya maneno." SAT ni ule mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani. Nilimjibu kwa mkato kwamba orodha sina. Lakini ombi lile limenikwama kooni tangu siku hiyo, acha nilitoe.

Mara ya kwanza nilipata 510 katika Kusoma na Kuandika, sehemu ambayo alama zake huanzia 200 hadi 800. Mimi, niliyekuwa wa kwanza kwa Kiingereza darasani miaka minne! Kule tusheni, mahali fulani hapa mjini nisipopataja, mwalimu alitupa maneno elfu moja. "Mkiyashika haya, mmemaliza." Nikayashika. Niliyakariri kwenye feri ya Likoni asubuhi na jioni, nimebanwa kati ya mikokoteni na baiskeli, midomo inacheza, mpaka mzee mmoja akadhani navuta uradi akaniombea dua. Ada alilipa mama kwa pesa za mahamri. Hilo bado laniuma, sifichi.

Kilio cha siku ya matokeo nakiruka. Baadaye nilifungua majaribio ya mazoezi kwenye Bluebook, programu ya kufanyia SAT kwa kompyuta, nikapekua makosa yangu moja moja. Ajabu, yaliyoniangusha hayakuwa maneno magumu. Yalikuwa maneno ninayoyajua! Chukua sentensi kama hii: mtafiti anayasifu matokeo ya mwenzake, lakini anaongeza kuwa watu waliochunguzwa walikuwa wachache; basi sifa zake zilikuwa "qualified". Mimi mbio nachagua maana ya mtu mwenye vyeti, kwa kuwa kila tangazo la kazi lataka mtu "qualified". Kumbe hapo ni sifa zenye mipaka, sifa za nusunusu. Ile "lakini" ilikuwa palepale, nikaipita kama mwombaji wa njiani.

Jioni ile nyanya yuko jikoni: "Nipe hiyo mbuzi." Mgeni wetu kutoka bara akageuka kuangalia uani. Sisi hatukugeuka. Nazi ilikuwa imeshavunjwa, na nyanya kasema "hiyo", hakusema "huyo". Nikasimama na mbuzi ya nazi mkononi kama mjinga. Nani aliwahi kunikaririsha hilo? Hakuna.

Basi kwenye maswali ya maneno, pale kifungu kinapoachwa na pengo, fanya hivi. Usiyatazame majibu manne kwanza. Soma kifungu, nacho ni kifupi, maneno 25 hadi 150, kisha ujaze pengo kwa neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili. Mimi nilikuwa najaza "haba", "akasita", "walimpinga". Ndipo ufungue majibu umtafute pacha wake. Angalia vidokezo: "although", "however", "because", hata nukta mbili. Angalia vidokezo, narudia, maana najua hutaangalia. Na jibu linalong'aa kwa ukubwa lisikubabaishe. Swali lataka neno linalokaa sawasawa. Maswali haya huja mwanzoni mwa kila moduli, yaani kila nusu ya sehemu hiyo, na moduli ni maswali 27 kwa dakika 32, kwa hivyo usilale hapo. Kukosea hakukatwi alama, usiache wazi.

Nanyi wadogo zangu, acheni kuabudu orodha. Mnataka ufadhili wa chuo cha Marekani, na ukurasa mmoja wa riwaya unawapa usingizi! Mtoto wa Mombasa huyu, aliyelelewa na leso? Leso ileile jirani akiivaa harusini ni pongezi, akiivaa kupita mbele ya mlango wa mke mwenza ni vita. Maandishi hayajabadilika hata herufi moja, na mtaa mzima umeelewa. Kisha mwaniambia pengo moja la Kiingereza limewashinda. Someni! Someni vitu virefu, vya zamani, vya kuchosha, kwa sababu yale maswali ya "neno hili lina maana gani hapa" hupenda sana kutolewa kwenye hadithi za zamani.

Mara ya pili nilipata 660. Si 800, najua, na yule mwalimu wa tusheni sasa ananitaja kwa wanafunzi wapya kama tunda lake.

Dada wa Kisauni, lile daftari la maneno elfu moja nilimpa muuza njugu wa kivukoni. Ukinunua za shilingi ishirini huenda ukapata herufi A yote.