Shangingi la mtumba, tela na tairi kubwa: maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zinafanana. Mtu kanunua Land Cruiser au gari la jamii hiyo lililokwisha tumika, anataka livute tela, na papo hapo anataka lisimame juu ya tairi kubwa. Nimechagua saba. Mtaniona bahili kwenye suala la tairi, na sababu mtazikuta humo ndani.

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser VX ya mwaka 1994, injini ya dizeli ya 1HZ, gia za mkono. Nataka kuifunga tairi za inchi 35 na kununua tela la kubebea viazi kutoka Makambako hadi Dar, tani mbili kwa safari. Nianze na nini? (Mkulima, Makambako)

Jibu: Marahaba. Anza na tela lenye breki zake lenyewe, tairi uziache dukani kwanza. Vitu viwili unavyovitaka vinagombania nguvu moja, na nguvu yenyewe si nyingi: 1HZ haina turbo, ina farasi takriban 130 tu.

Tupige hesabu. Tairi ya kawaida ya VX hiyo ni 275/70R16, ambayo kimo chake ni milimita 791. Hiyo mnayoiita 35, yaani 315/75R16, ina milimita 879. Imezidi kwa asilimia 11. Difu yako ya 4.10 (yaani shafti huzunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja) itaanza kuvuta kama ya 3.69. Mlima uliokuwa unaupanda na gia ya tatu utaupanda na ya pili, na klachi italia kila unapoondoka na mzigo. Spidomita itakudanganya pia: ikisoma 80, wewe uko karibu 89. Breki nazo zitakuwa na kazi zaidi ya kuisimamisha tairi ndefu, ilhali pedi na diski ni zilezile. Dawa ni kubadilisha meno ya difu yawe 4.56, mbele na nyuma kwa pamoja, maana difu mbili zenye hesabu tofauti zitatafunana. Ukimaliza kulipia kazi hiyo umerudi pale ulipokuwa kabla ya kununua tairi, ila sasa una sentimita nne na kitu za ziada chini ya difu. Kwa lami ya Makambako hadi Dar, sentimita hizo ni za kupigia picha.

Kama moyo hautulii, funga 285/75R16. Ina milimita 834, imezidi kwa asilimia 5 na kidogo, na kwenye VX ya aina yako kwa kawaida inaingia bila kuinua bodi. Gari litachelewa kidogo kuondoka, basi.

Sasa mzigo. Tani mbili ni gunia ishirini za kilo mia, kwenye karatasi. Lakini wewe na mimi tunaijua lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba linazidi kilo mia, na ishirini za namna hiyo zinaweza kukuongezea kilo mia kadhaa ambazo hukuzipigia hesabu. Weka na tela lenyewe, ambalo likiwa tupu halikosi kilo 500 au 600. Unavuta kitu kizito kuliko gari lako, halafu mbele yako kuna Mlima Kitonga, na safari yenye mzigo ndiyo ya kuteremka.

Hapo ndipo breki za tela zinapohitajika. Zipo za aina mbili utakazozikuta. Za kusukumwa hufanya kazi tela linapolisukuma gari: pua, yaani sehemu ya mbele ya tela inayoungwa na gari, inaingia ndani, inavuta waya au fimbo, breki zinakamata. Ni rahisi na hazitaki umeme, ila kwenye mteremko mrefu zinabaki zimekamata muda wote na zinachemka. Za umeme huongozwa na kidude kinachofungwa karibu na usukani, na unaweza kuziamuru peke yake bila kugusa pedali. Kwa njia yako ningelipia za umeme. Halafu badilisha oili ya breki ya gari zima, maana ikizeeka inanyonya unyevu, na unyevu huo ukichemka pedali inazama hadi sakafuni. Ingiza gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, si katikati. Klachi usiiguse mpaka chini.

Springi za nyuma zije baada ya hayo, koili nzito zaidi pamoja na shokapu zake, kwa sababu pua ya tela itakalia kilo 250 nyuma ya ekseli na kuunyanyua upande wa mbele, usukani ukawa mwepesi. Na ukiniuliza kama jirani, nitakuambia tani mbili za viazi kila wiki ni kazi ya Canter. VX ivute tani moja na kitu, itadumu hadi ikuzike wewe.

Swali: Nimeambiwa 1HZ ikifungwa turbo inakuwa sawa na VX yenye turbo ya kiwandani. Kweli? (Dodoma)

Jibu: Si kweli. 1HD-T, injini ya VX yenye turbo ya kiwandani, iliundwa kwa ajili ya turbo: dizeli inamwagwa moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo wake ni 18.6 kwa 1. 1HZ ina chumba kidogo cha kuwashia ndani ya silinda hedi na mgandamizo wa 22.4 kwa 1. Ukiisukumia hewa nyingi joto linapanda, na hedi inaweza kupasuka. Watu wanaifunga, na Australia wameifunga miaka mingi, lakini kwa presha ndogo, pampu ikiwa imerekebishwa na mtu anayejua, na geji ya joto la moshi ikiwa imefungwa kabla ya turbo. Usiipitishe nyuzi 650 ukiwa unapanda na mzigo. Fundi anayekuambia geji si lazima, mwage.

Swali: Habari ya kazi. Niko na Prado 120 ya 2006, dizeli 3.0, otomatiki. Navuta trela ya ng'ombe wanne kutoka Narok kuja Limuru. Ikifika ile escarpment ya Mai Mahiu inaanza kubadilisha gia ovyo, na juzi taa ya joto la mafuta ya gia iliwaka. Niongeze tairi kubwa ipate nguvu ya kukanyaga? (Narok)

Jibu: Njema. Tairi kubwa itakuharibia zaidi, kwa sababu zile nilizompa mkulima wa Makambako. Giaboksi yako inachemka, na sababu ni kwamba inahangaika kati ya gia ya tano na ya nne. Kila inapobadilisha, na kila inapokuwa haijajifunga moja kwa moja na injini, mafuta yanasugika na kupata joto. Kabla hujaanza kupanda, toa lever kwenye D uiweke 4, na pakiwa pakali zaidi 3. Injini itapiga kelele. Iache ipige, mafuta yatazunguka na feni itafanya kazi.

Kisha funga kipoza mafuta cha pembeni mbele ya rejeta. Hapa nakuomba usikilize kwa makini. Katika Prado 120 mafuta ya gia hupozwa ndani ya rejeta ya maji, kwenye kijitangi kilicho upande wa chini. Rejeta za umri huo zina historia ya kupasuka humo ndani. Maji na mafuta vikichanganyika, mafuta mekundu yanageuka rangi ya waridi na mazito kama yoghati ya stroberi, na giaboksi inakufa kwa kilomita chache. Kama rejeta yako ni ya tangu 2006, ibadilishe hata kama haivuji, na umwambie fundi aupeleke mpira wa mafuta kwenye kipoza kipya badala ya rejeta. Utakosa usingizi wa bei ya rejeta, lakini bei ya giaboksi ni nyingine kabisa. Mafuta yaliyopata joto la kuwasha taa usiyaache humo, yabadilishe.

Kuhusu ng'ombe: wanne wa kilo 300 ni tani 1.2, na mzigo huo una miguu. Wakisogea wote nyuma, pua ya trela inanyanyuka. Weka kizuizi katikati, wawili mbele na wawili nyuma.

Swali: Salaam ndugu. Niko Dallas, nimenunua Chevrolet Tahoe ya 2012. Nataka kuvuta tela la kubebea magari madogo ninayonunua mnadani. Muuzaji alisema inavuta chochote. (Dallas)

Jibu: Muuzaji alikuwa anauza. Fungua kisanduku cha mbele ya abiria, ndani kuna kibandiko chenye misimbo mingi ya herufi na namba. Tafuta Z82, hicho ni kifurushi cha kuvutia kilichofungwa kiwandani. Tafuta pia difu: GU4 ni 3.08, GU6 ni 3.42. Tahoe yenye 3.08 imepangwa kwa ajili ya kubana mafuta barabara kuu na huruhusiwa kuvuta uzito mdogo zaidi. Ukiikuta hiyo halafu ukaongeza tairi ya inchi 33, umeidhoofisha mara mbili.

Baada ya hapo fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha njano cha tairi. Kimeandikwa uzito wa watu na mizigo ambao gari halipaswi kuuzidi. Wengi hukipuuza. Tela la pauni 2,000 na gari dogo la pauni 3,300 jumla ni 5,300, na pua yake inapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15, yaani pauni 530 hadi karibu 800. Pauni hizo zinahesabiwa ndani ya kibandiko hicho, pamoja na wewe, shemeji aliyekusindikiza na boksi la spana. Na kwa sheria ya Texas, tela linalozidi pauni 4,500 kwa jumla linatakiwa kuwa na breki. Lako linazidi.

Swali: Kaka, navuta boti ya faiba na Land Cruiser 100 hapa Mwanza. Nikifika 80 tela linaanza kuyumba kama mkia. Tatizo ni shokapu? (Mwanza)

Jibu: Inawezekana, ila mara nyingi pua ni nyepesi mno. Injini ya boti iko nyuma kabisa, tangi la mafuta nyuma, na mvuvi akitupia nanga na nyavu huko huko, pua inabaki haina kitu. Lipeleke tela na boti kwenye mizani ya kiwanda upate jumla. Tuseme ni kilo 1,600. Pua inatakiwa kuwa karibu kilo 160.

Mizani ya bafuni haifiki huko, kwa hiyo chukua ubao imara. Mwisho mmoja uegemeze juu ya kipande cha bomba kilicholala, mwisho wa pili juu ya mizani, na toka bomba hadi katikati ya mizani pawe sentimita 90. Chini ya bomba weka kitu cha kulifikisha kimo sawa na mizani ili ubao ulale bila kuinama. Shusha gurudumu la pua, au kipande cha mti chini ya pua, juu ya ubao sentimita 30 kutoka kwenye bomba. Unachosoma zidisha kwa tatu. Ikisoma 53 uko vizuri. Ikisoma 20, una kilo 60 tu, na hapo ndipo kuyumba kunakotoka. Sogeza boti mbele kwenye tela, au sogeza ekseli nyuma, kisha pima tena.

Siku likiyumba barabarani usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mwendo. Achia mafuta, shika usukani unyooke.

Na kwa kuwa ni boti: ukifika ziwani usilizamishe tela papo hapo. Beringi zilizotoka barabarani zina joto, zikiingia kwenye maji baridi hewa iliyo ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Subiri zipoe. Njiani pia, kila unaposimama gusa kitovu cha kila gurudumu la tela. Vuguvugu ni sawa. Kimoja kikiunguza mkono na vingine havina kitu, beringi hiyo au breki yake ina shida, usiendelee.

Swali: Nina Patrol hapa Muscat. Tairi pana zaidi zitanisaidia mchangani? (Muscat)

Jibu: Kidogo. Kutoa upepo kutakusaidia zaidi, na ni bure. Shusha hadi psi 15 hadi 18 kabla ya kuingia kwenye mchanga, tairi ilale na kurefusha wayo wake. Kona zichukue polepole, tairi isije ikatoka kwenye rimu. Beba pampu ya kujazia, na ujaze kabla ya kurudi kwenye lami, maana tairi yenye upepo mdogo kwenye mwendo wa barabara kuu inachemka na kupasuka. Na kabla ya kununua ukubwa mwingine, waulize wakaguzi wa mulkiya (kadi ya usajili wa gari) wanakubali nini.

Swali: Fundi wangu Arusha anataka kuweka vipande vya chuma kati ya hapu na rimu ili tairi zitokeze nje, gari lionekane pana. Nimkubalie? Navuta tela pia. (Arusha)

Jibu: Hapana, si kwa gari linalovuta. Kila sentimita unayoitoa rimu nje inaongeza mzigo kwenye beringi ya gurudumu. Kama ameshavifunga, vitoe kabla ya safari inayofuata. Kama rimu zilizopo zinagusa springi kwa sababu ya tairi pana, tafuta rimu yenye vipimo sahihi, kisha ukishaendesha kilomita kama 50 kaza nati tena kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa kuruka juu ya bomba.