Oda kuingia mara mbili mteja akipakia upya ukurasa

Ndugu, nimekuelewa: mteja anatuma oda kwenye fomu yako ya PHP, akipakia upya ukurasa oda ileile inaingia tena. Hifadhidata yako ya MySQL haina kosa. Kivinjari kinarudia ombi la mwisho, nalo ni POST (ombi linalopeleka data ya fomu kwenye seva), hivyo seva inaona oda mpya.

Ukishahifadhi oda, usiandike "Asante" papo hapo. Mpeleke mteja ukurasa mwingine:

header('Location: asante.php', true, 303);
exit;

Hiyo exit usiisahau, la sivyo msimbo wa chini yake utaendelea kufanya kazi. PHP ikilalamika kuhusu header, tafuta echo au mstari mtupu uliotangulia.

Bado kuna anayebofya kitufe mara mbili mtandao ukiwa mzito. Kila fomu inapofunguka, ipe namba ya kipekee iliyofichwa ndani yake, ihifadhiwe pamoja na oda, na safuwima yake kwenye jedwali iwe UNIQUE (isiyokubali namba kujirudia). Hifadhidata yenyewe itaikataa oda ya pili. Kuzima kitufe kwa JavaScript pekee siamini kunatosha.

Kuhakiki, bonyeza F12, fungua Network, tuma oda: uone 303 (jibu la kumpeleka mteja ukurasa mwingine), kisha GET (ombi la kufungua ukurasa huo).

Kama fomu hiyo inakata pesa za watu, tafadhali mtaalamu aikague kabla wateja hawajaanza kuitumia.