Wadogo zangu, hii ya kukata meno kwa kukariri namba iishe

Wadogo zangu katika udaktari wa meno, nawapenda na ndiyo maana naandika. Wiki hii nimeona tena maandalizi ya venia (kipande chembamba cha kauri kinachobandikwa mbele ya jino), dentini, lile tabaka la ndani, imetapakaa uso mzima wa jino, na ukimuuliza mhusika anasema "nilikata nusu milimita kama tulivyofundishwa". Nusu milimita kuanzia wapi? Hapo wote kimya.

1. Kina kinapimwa kutoka sura ya mwisho ya jino, sio kutoka jino ulilolikuta mdomoni. Hii ndiyo nataka muishike hata kama mengine yote mtayasahau. Enameli, lile ganda gumu la nje, kwenye meno ya mbele karibu na fizi ni milimita 0.3 mpaka 0.5 tu, tena kwa jino ambalo halijalika, sasa mtu ameshalisugua miaka na miaka au limeliwa na asidi, wewe unazamisha ncha ya almasi nusu milimita nyingine, unategemea kubaki na nini? Ndiyo maana tunaanza na nta (tunajenga sura ya mwisho juu ya modeli ya meno), tunatoa indeksi ya silikoni (chapa ya sura hiyo), tunaweka mokapu (sampuli ya muda ya sura hiyo) mdomoni na ile mifereji ya kina tunaichora juu ya mokapu. Ukiibandua utashangaa, sehemu kubwa jino halijaguswa kabisa, kwa sababu venia inakuja kurudisha kilichopotea.

Kuna kesi inaniuma mpaka leo. Kijana mmoja, mkono mzuri sana, mtaratibu, alipewa mama wa makamo mwenye meno ya mbele yaliyolika, yamekuwa mafupi na uso unang'aa kwa usawa, hata ile mistari midogo ya asili haipo. Huo mng'ao peke yake ulitosha kumwambia kwamba enameli imeshapungua. Mokapu aliiweka, mama akaipenda, akapigwa picha, halafu kijana akaitoa (jamani!) akakata jino lenyewe kwa ile namba ya kichwani. Mimi nilikuja kuona siku ya kubandika, asidi imeshawekwa, imesafishwa, anapuliza hewa. Enameli iliyoshika asidi inakuwa nyeupe kama chaki, mnaijua. Pale weupe ulikuwa kamstari tu pembeni mwa jino, katikati kote njano, imefifia, na mama anashtuka kila hewa ikimgusa. Hakukuwa na cha kurudisha. Tukafanya kila linalowezekana kwenye bondi (gundi inayoshikisha simenti na jino), zikakaa, zikapendeza, mama akaondoka anatabasamu. Baada ya miezi akarudi na mbili ameziweka kwenye karatasi. Nikazigeuza: simenti yote imebaki ndani ya venia, jino liko tupu. Yaani kauri ilishikwa vizuri, jino ndilo lililoachia.

Hilo la kugeuza venia lifanyeni kila mara ikidondoka, msikimbilie kuibandika tena. Simenti ikibaki kwenye jino na ndani ya venia pako safi, kosa liko kwenye asidi ya kauri au sileni (dawa inayounganisha kauri na simenti). Ikibaki kwenye venia, tazama upande wa jino. Na dentini haiachii kwa sababu ya bondi peke yake, enameli ina ukakamavu wa kama GPa (gigapaskali) 80 wakati dentini ni 18 hivi, kwa hiyo mtu akiuma jino linajipinda chini ya kipande chembamba cha kauri ambacho chenyewe hakijui kujipinda. Dentini ikikutokea bahati mbaya, izibe kwa bondi siku hiyohiyo kabla ya impreshoni (kuchukua chapa ya meno).

2. Uso wa jino la mbele una miinamo mitatu, usilaze ncha pembe moja toka fizi mpaka ukingoni. Mwisho wa maandalizi ubaki juu ya fizi au usawa nayo.

3. Rangi chukua kabla ya kitu chochote, jino likikauka linapauka na litakudanganya. Na jino lililokatwa lipige picha pamoja na kipimo cha rangi, fundi wa lab hawezi kuficha weusi ambao hajauona.

4. Acheni kuchagua kauri kwa kuangalia nani ana MPa (kipimo cha nguvu ya kutovunjika) kubwa. Feldispa ni dhaifu mkononi, MPa 60 mpaka 100, lakini ikishashikana na enameli inadumu miaka mingi. Lithiamu disiliketi iko kama 400 na ndiyo nawashauri muanze nayo, inasamehe zaidi. Zirkonia inapita 900 sawa, ila haina kioo cha kuliwa na asidi ya haidrofloriki, kwa hiyo ule mshiko tunaoutegemea kwenye venia huupati kwa njia hiyo. Disiliketi inapakwa asidi hiyo ya asilimia 5 kwa sekunde 20, basi! Nimemkuta mtu ameiacha dakika nzima anasema ishike vizuri, kumbe anaidhoofisha, feldispa ndiyo inayotaka muda mrefu. Na ukishajaribisha mdomoni mate yameshaingia, isafishe kabla ya sileni.

5. Simenti ya venia iwe ya kuganda kwa mwanga tu, zile za kuganda zenyewe nyingi zinabadilika rangi na kwenye kauri nyembamba itaonekana. Mgonjwa kama ametoka kung'arisha meno msubiri wiki 2, oksijeni iliyobaki inazuia rezini ya simenti kuganda. Mwanga wa kwanza sekunde 2 tu, toa mabaki, pitisha uzi kati ya meno, weka gliserini ukingoni ndipo umalizie mwanga. Mkiruka uzi, mgonjwa anarudi fizi zimevimba na meno mawili yamegandana, halafu mnaniita mimi.

Anayesaga meno usiku, kinga ya kulalia iingie kwenye mpango wa tiba tangu siku ya kwanza, na mwambie mapema kwamba bila hiyo humfungii hizo venia.