Simu Moja, Kufuli Tatu: Maswali Yenu Kuhusu Kuruti Simu za Kampuni

Maswali ya leo yote yanahusu simu za Android zilizouzwa na kampuni za mawasiliano zikiwa zimefungwa, na ugumu wa kuziruti. Ninalitumia neno "kuruti" kama mafundi wanavyolitamka, nikijua kwamba baadhi yenu litawakumbusha askari mpya kambini. Hapa maana yake ni kujipatia mamlaka ya mtumiaji mkuu, yule ambaye mfumo wa Linux ulio chini ya Android humtambua kwa namba 0 na ambaye kwa kawaida hakatazwi faili yoyote.

Nilimaliza kulipia simu yangu na kampuni ikanifungulia. Sasa inapokea laini ya mtandao wowote. Lakini nikiingia kwenye chaguo za wasanidi programu, swichi ya kuruhusu kufungua butiloda imefifia na haibonyezeki. Je, nimedanganywa?

Hukudanganywa, ila umefunguliwa kufuli moja kati ya tatu. Kufuli ya kwanza ni ya laini, inayokuzuia kutumia mtandao wa kampuni nyingine. Hiyo ndiyo iliyoondolewa ulipomaliza deni. Kufuli ya pili iko kwenye butiloda, yaani programu ndogo inayoamka kabla ya Android unapobonyeza kitufe cha kuwashia, na ambayo huamua ni mfumo upi utakaoruhusiwa kuendelea. Kufuli ya tatu ni Android yenyewe, inayokunyima mamlaka ya mtumiaji mkuu hata kama simu ni yako na risiti unayo. Kuruti ni kuivuka hiyo ya tatu, lakini njia ya kuaminika ya kuifikia hupitia ya pili, na ya pili haina uhusiano wowote na deni lako.

Inafaa kueleza kwa nini kufuli ya butiloda ni ngumu kiasi hicho. Ndani ya chipu kuu kuna maelekezo yaliyowekwa kiwandani ambayo hakuna awezaye kuyabadilisha, na pamoja nayo kuna alama ya ufunguo wa mtengenezaji iliyochomwa kwenye fyuzi ndogo mno, ambazo zikishaungua hazirudi katika hali ya awali. Simu inapowashwa, maelekezo hayo huikagua saini ya kidijitali ya butiloda. Butiloda ikishapita, nayo huikagua saini ya kiini cha mfumo, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoendesha simu nzima. Na kiini nacho huzikagua sehemu zinazofuata, kama walinzi wanaosimama kwenye milango iliyofuatana, kila mmoja akidai cheti kutoka kwa mwenye nyumba. Ukibadilisha herufi moja tu katika sehemu inayokaguliwa, saini haitalingana, na mlango hautafunguka. Swichi uliyoiona imefifia ndiyo ruhusa ya kumwambia mlinzi wa pili aache kudai cheti.

Kabla ya kukata tamaa, iunganishe simu na Wi-Fi na uirudie swichi baada ya muda, kwa sababu simu nyingi huiuliza seva kwanza kama zimeruhusiwa, na bila intaneti swichi hubaki imefifia hata kwa simu isiyo na kizuizi. Ikiendelea kukataa, basi jibu limeshatoka. Kwa simu za Pixel, zinazotengenezwa na Google, nchini Marekani tofauti hiyo inaonekana wazi: zilizouzwa na T-Mobile kwa kawaida swichi yake huamka kufuli ya laini ikishaondolewa, ilhali zilizouzwa na Verizon hubaki zimefungwa hata baada ya deni kuisha na laini kufunguliwa.

Fundi ameniambia kwamba nikiiruti simu, kufuli ya laini itaondoka yenyewe. Je, ni kweli?

Si kweli. Kufuli ya laini husimamiwa upande wa modemu, yaani sehemu ya simu inayowasiliana na minara ya mtandao, ambayo ina programu yake na hifadhi yake iliyolindwa, nje ya himaya ya Android. Mtumiaji mkuu wa Android si mtumiaji mkuu wa modemu. Maliza deni, kisha uiombe kampuni ikufungulie.

Mimi na rafiki yangu tuna simu ya jina moja, rangi moja na mwaka mmoja. Yake ilirutiwa kwa dakika chache, yangu imegoma kabisa. Tofauti iko wapi?

Iko kwenye herufi chache za mwisho za namba ya modeli. Jina linaloandikwa kwenye boksi ni la kibiashara, na chini yake huweza kukaa simu tano au sita zenye programu tofauti na wakati mwingine hata chipu tofauti. Mfano unaojulikana ni Samsung Galaxy S4 ya mwaka 2013: iliyouzwa na T-Mobile nchini Marekani ilikuwa na butiloda isiyofungwa, wakati zile zilizouzwa na AT&T na Verizon zilifungwa. Watu walinunua simu ya jina lilelile, wakafuata maelekezo yaleyale, na wengine wakaambulia skrini ya onyo inayowataka warudi kwa kampuni iliyowauzia.

Kwa hiyo fungua Mipangilio, nenda kwenye sehemu inayohusu simu, usome namba kamili ya modeli mpaka herufi ya mwisho, na ulinganishe na ile iliyotajwa kwenye maelekezo. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, usiendelee. Faili iliyotengenezwa kwa ajili ya ndugu wa simu yako inaweza kuizima ikawa haiwaki tena.

Nakumbuka zamani ulikuwa unapakua programu moja, unabonyeza kitufe kimoja, na simu inarutiwa. Kwa nini siku hizi haiwezekani?

Swali hili ninalipenda, kwa sababu linaeleza habari nzima. Programu zile hazikuwa na ufunguo wowote. Zilikuwa zinapenya kwenye nyufa. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, T-Mobile G1 ya Oktoba 2008, ilikuwa na ufa wa kuchekesha: kila herufi uliyoibonyeza kwenye kibodi, hata ukiwa unamwandikia mtu ujumbe, ilikuwa inafika pia kwenye dirisha la amri lililofichika, lenye mamlaka ya mtumiaji mkuu. Aliyebonyeza kitufe cha kuanza mstari mpya, akaandika neno la Kiingereza la kuwasha upya, kisha akabonyeza tena kitufe kile, alishangaa kuiona simu yake inajizima na kuwaka. Kuiruti simu hiyo kulihitaji kujua kuandika tu.

Nyufa zilizofuata zilikuwa za ndani zaidi. Mwaka 2014 wamiliki wa Galaxy S5 za AT&T na Verizon walichanga fedha zilizofikia takriban dola 18,000 kwa yeyote atakayeweza kuziruti, na mwezi Juni mdukuzi wa Marekani George Hotz akatoa Towelroot, programu ndogo iliyotumia kosa lililokuwa kwenye kiini cha Linux. Utaona jambo moja hapo: butiloda za simu hizo hazikufunguliwa. Towelroot iliruka ukuta badala ya kuufungua mlango, na viini vilivyotengenezwa baada ya tarehe 3 Juni mwaka huo vilikuwa tayari vimeuziba ufa wenyewe. Mwaka 2016 likajitokeza kosa lililoitwa Dirty COW, lililokuwa limekaa ndani ya kiini tangu 2007 bila kuzibwa, na likatumika kwa namna hiyohiyo.

Wakati huohuo kuta zilikuwa zinaongezwa kimo. Android 5.0 ya mwaka 2014 ililazimisha kila programu ya mfumo ibaki ndani ya mipaka yake, hata ile inayojiita mtumiaji mkuu. Android 7.0 ya 2016 ilianza kuzikataza simu zisiwake kama mfumo umeguswa. Matokeo yake ni kwamba leo hata ukiupata ufa, mamlaka utakayoyapata yanaweza kudumu mpaka simu izimwe tu, kwa kuwa ikiwashwa tena ukaguzi utayafuta mabadiliko yako au utaikataa simu isiwake. Magisk, chombo ambacho John Wu alikitoa mwaka 2016 na ambacho wengi bado wanakitumia, hufanya kazi kwa kurekebisha faili ya kuwashia badala ya kuugusa mfumo. Lakini faili iliyorekebishwa haina saini ya mtengenezaji, na butiloda iliyofungwa haitaikubali. Ndiyo maana kila njia ya siku hizi inakurudisha kwenye kufuli ya pili.

Siwezi kusema kwamba kuziba nyufa hizo ni dhuluma. Ufa uliokuwezesha kuiruti simu yako ndio huohuo ambao programu chafu ingeutumia kusoma ujumbe wako. Dhuluma ninayoiona ni nyingine: kuuziba ufa, kisha kumnyima mwenye simu ufunguo wa mlango.

Je, nikiirudisha simu kwenye toleo la zamani la mfumo, si ule ufa utarudi?

Watengenezaji walishaliwaza hilo. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017 upo utaratibu wa kuweka namba ya toleo mahali palipolindwa, na baadhi ya watengenezaji huichoma kwenye fyuzi. Mfumo wenye namba ndogo kuliko iliyohifadhiwa hukataliwa. Niliwahi kuwa mbishi, nikajaribu kulazimisha toleo la zamani kwenye simu iliyouzwa na kampuni moja ya mawasiliano. Ilitetemeka mara moja, ikaonyesha skrini nyeusi, na haikuwahi kusema neno tena. Mpaka leo iko kwenye droo, nikiitazama ninaona aibu.

Kuna mtu mtandaoni anauza msimbo wa kufungua butiloda ya simu yoyote ya kampuni yoyote. Nimlipe?

Usimlipe. Ni kweli wapo watengenezaji wanaotumia msimbo: unaiunganisha simu na kompyuta, unapata mfululizo mrefu wa herufi, unautuma kwenye tovuti yao, nao wanakuletea msimbo wa simu hiyo moja. Motorola hufanya hivyo bila malipo, lakini modeli nyingi zilizouzwa kupitia kampuni za mawasiliano hukataliwa hapohapo kwenye tovuti. Huawei ilikuwa inautoa msimbo wa aina hiyo, ikaacha mwaka 2018. Anayedai kuwa na msimbo wa simu zote hana msimbo wa simu hata moja.

Je, sheria inaniruhusu?

Inategemea uliko, na hapa nitaizungumzia Marekani kwa sababu ndiko mzozo huu ulikoandikwa sana. Sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo inakataza kuvunja kufuli za kidijitali, lakini kila baada ya miaka mitatu hutolewa misamaha, na tangu Julai 2010 kuivua simu janja kizuizi ili iendeshe programu ulizozichagua ni miongoni mwa mambo yaliyosamehewa. Kufuli ya laini ilikuwa na safari yake: msamaha wake uliondolewa kwa simu zilizonunuliwa baada ya Januari 2013, zaidi ya watu 100,000 wakatia saini ombi kwa Ikulu, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akaidhinisha sheria ya kuurejesha. Kanada ilizitaka kampuni ziuze simu zisizofungwa laini kuanzia tarehe 1 Desemba 2017, na Uingereza ikafuata tarehe 17 Desemba 2021.

Usidhani, hata hivyo, kwamba tarehe hizo zimekufungulia butiloda. Sheria za Kanada na Uingereza zinahusu laini peke yake, na msamaha wa Marekani unakukinga wewe usishtakiwe, haumlazimishi yeyote akupe ufunguo. Kuruhusiwa kuupanda ukuta si sawa na kupewa ngazi.

Nikifanikiwa, programu ya benki itaendelea kufanya kazi?

Huenda isiendelee. Programu nyingi za benki huiomba simu ithibitishe hali yake kupitia huduma ya Google iitwayo Play Integrity, na katika simu nyingi za kisasa uthibitisho huo hutiwa saini na sehemu ya chipu ambayo mtumiaji mkuu haifikii. Wapo wanaoikwepa, lakini ni mchezo wa paka na panya, na panya hushinda kwa wiki chache tu. Kwenye simu za Samsung kuna jambo jingine lisilorudi nyuma: ukiwasha mfumo usio na saini, fyuzi ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, huungua, na huduma kama Samsung Pay na folda salama hufa moja kwa moja, hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Tambua pia kwamba kuifungua butiloda kwenyewe hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu, na hilo limekusudiwa, ili mwizi asiweze kuifungua na kuzisoma picha zako. Basi tengeneza nakala rudufu kwanza.

Sihitaji makubwa. Ninataka tu kuziondoa programu ambazo kampuni ilizijaza kwenye simu na ambazo hazina kitufe cha kuondolea.

Basi huna haja ya kuiruti. Kwenye Mipangilio, katika sehemu inayohusu simu, bonyeza nambari ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi programu zionekane, washa utatuzi wa USB, uiunganishe simu na kompyuta yenye adb, chombo cha kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta, kisha utoe amri ifuatayo, ukiweka jina la ndani la programu mahali pa neno la mwisho:

adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.programu

Ile namba 0 isikuchanganye; hapa ni namba ya mwenye simu, si ya mtumiaji mkuu niliyemtaja mwanzoni. Programu itatoweka kwako na haitajiendesha tena, ingawa faili yake itabaki kwenye sehemu ya mfumo, kwa hiyo hutapata nafasi kubwa ya ziada, na ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani itajitokeza upya. Ondoa moja, uwashe simu upya, uitumie siku nzima ndipo uende kwa nyingine, na zile zinazohusu kupiga simu au laini uziache zilivyo.