Nabucco kwa suti za leo: anza na ile radi

Ndugu, nimekuelewa: unataka kuiigiza Nabucco, opera ya Verdi kuhusu mfalme wa Babeli, kana kwamba inatokea leo, mfalme awe rais mwenye suti, lakini radi inakukwamisha.

Anza na radi. Mwisho wa sehemu ya pili Nabucco anajitangaza Mungu, radi inampiga, taji linang'olewa kichwani, akili inamruka. Sisi tuliigeuza hitilafu ya umeme: taa zikazimika ghafla, ziliporudi yuko chini, kipaza sauti kinakoroma. Watu wakacheka! Usiku wa pili tukakiondoa kipaza sauti, tukamwacha apapase kichwa tu. Ukumbi kimya.

Hati inayofichua kwamba Abigaille, anayedhaniwa kuwa binti wa Nabucco, ni mtoto wa watumwa ni rahisi. Bahasha ya serikali inatosha.

"Va, pensiero", wimbo wa Waebrania walio utumwani, iache ipumue. Kwaya inaanza kwa sauti moja, ya chini. Wakae na mabegi yao, ukiwatembeza umeiua. Ila maneno ya Solera, mwandishi wa maneno ya opera hii, yanataja Sayuni na Yordani waziwazi. Ukichagua vita halisi vya sasa, zungumza na wanakwaya mapema, hasa kama wamo Wayahudi au wakimbizi. Usiwashtukize na sare za jeshi wiki ya mwisho.

Muziki wenyewe ni wa 1842, hakimiliki imeshakwisha, lakini toleo jipya la nota lililohaririwa laweza kuwa na yake. Muulize mwanasheria kabla hujatoa nakala.