Maharage mabichi kwa mapishi ya Kijerumani: jibu kwa dada wa Leipzig

Dada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini maharage mabichi, yale ya kijani yanayoliwa na ganda lake, ukiyapika Kijerumani yanakuwa na ladha ya majani ya kuchemsha tu. Pili, ufanyeje nyumbani kwako msikokula nguruwe, wakati kila maelezo unayoyakuta yametiwa Speck, yaani nyama ya nguruwe ya mafuta iliyotiwa moshi, na mama mkwe anakuja Jumapili. Mimi niko Münster, Ujerumani huku huku, mwaka wa kumi na mbili sasa, na saba kati ya hiyo nilikuwa jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Maharage haya nimeyapika kwa ndoo. Tena ni mtu wa Tanga na Mwislamu, kwa hiyo hilo la Speck limenisumbua kabla yako.

Tuanze na ladha. Unachokosa ni Bohnenkraut. Jina lenyewe maana yake ni jani la maharage, na Mjerumani wa rika la mama mkwe wako akila maharage yasiyo nalo anahisi kuna kitu kimesahaulika hata kama hakisemi. Ni jani dogo jembamba, lina ukali kama wa pilipili manga na harufu inayokaribia thaimu, ile ambayo baadhi yetu wa Pwani tunaiita zaatari. Wakati wa kiangazi sokoni huwa wanaliuza limefungwa vishada, pembeni ya maharage yenyewe. Miezi mingine nunua lililokaushwa, liko kwenye rafu ya viungo ya duka lolote la kawaida, na likikauka halipotezi nguvu kama yanavyopoteza majani mengine. Kwa nusu kilo ya maharage tia vijiti vitatu au vinne vibichi ndani ya maji ya kuchemshia, au kijiko kimoja cha chai cha lile kavu. Vijiti utavitoa mwishoni. Wenyewe wanaamini pia linapunguza gesi tumboni. Kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki wanaosoma hapa: thaimu na pilipili manga kidogo vitakufikisha karibu.

La pili ni dakika, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Nilipoanza kazi nilikuwa nimetoka kusoma mahali kwamba mboga isiive sana, basi nikachemsha dakika nne, nikatoa maharage ya kijani ya kupendeza, yanavunjika kah! Sahani zilirudi jikoni na maharage yote juu. Mpishi mkuu, mzee wa Kiwestfalia mwenye maneno machache, alichukua haragwe moja akaliuma karibu na sikio langu. Likalia. Akaniambia likilia kwenye meno bado halijawa chakula. Sikuwahi kusahau.

Wala si suala la meno ya wazee peke yake. Maharage mabichi yana sumu iitwayo phasin, aina ya protini ambayo isipoharibiwa na moto inaweza kukuletea kutapika na kuharisha. Kwa hiyo usimruhusu mtoto atafune yale mabichi unapoyakata, na usiyapitishe tu kwenye maji moto. Yachemke sawasawa. Yale membamba wanayoyaita Prinzessbohnen mimi nayapa dakika kumi hadi kumi na mbili. Yale mapana ya kupanda kwenye miti, Stangenbohnen, dakika kumi na tano au zaidi. Maji yawe mengi na yenye chumvi, vijiko viwili vya chai kwa lita, yachemke kwanza ndipo utie maharage. Acha sufuria wazi. Ukifunika, asidi inayotoka kwenye maharage inarudi ndani na rangi inakuwa ya gwanda la jeshi. Usitie magadi, najua mkono utakwenda huko. Rangi itakaa kijani, lakini ganda litalegea kama uji kabla ndani hakujawa tayari. Maji uliyochemshia yamwage.

Na siki isiguse maharage kabla hayajaiva. Asidi inakaza ganda, utachemsha nusu saa na bado yatakuwa magumu.

Sasa kwa Jumapili yako ningepika saladi, Bohnensalat. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haina haja ya nguruwe hata chembe. Nusu kilo ya maharage, kata ncha zote mbili, na kama yana nyuzi ubavuni zivute. Yavunje kwa mkono vipande vya kama kidole gumba. Wakati yanachemka, katakata kitunguu maji kimoja vipande vidogo sana, weka kwenye bakuli, mwagia supu ya mboga au ya kuku iliyo moto sana, kama nusu kikombe cha chai. Hiyo supu inaondoa ukali wa kitunguu, hutasikia kile kitunguu cha kachumbari kinachopanda puani. Ongeza siki ya tufaha vijiko vitatu vya mezani, nusu kijiko cha chai cha haradali, sukari kidogo ya kubana kwa vidole, chumvi, pilipili manga. Maharage yakiiva yachuje, na yangali na mvuke yatie humo humo. Hapa watu wengi wanayapoza kwenye maji ya barafu ili rangi ibaki. Rangi itabaki kweli, lakini haragwe lililopoa halinywi tena. Haragwe la moto linavuta mchuzi hadi ndani, na hiyo ndiyo tofauti kati ya saladi ya mama mkwe na maharage yaliyopakwa siki kwa nje. Mafuta, vijiko vinne vya alizeti, yaje mwisho, maana ukiyatanguliza yanafunika maharage na mchuzi unateleza. Nyunyizia majani machache ya Bohnenkraut yaliyokatwa, acha saa mbili.

Rangi itafifia kwa sababu ya siki. Usihangaike, inatarajiwa.

Ukitaka ya moto, kaanga chenga za mkate vijiko vitatu kwenye siagi gramu hamsini mpaka ziwe za dhahabu, mwaga juu ya maharage yaliyochujwa. Basi, hilo ni pishi la dakika tano na watoto wanalimaliza.

Kuhusu Speck. Kazi yake ni tatu: chumvi, moshi na mafuta. Ukilijua hilo unaweza kuziba pengo. Vile vifurushi unavyoviona kwenye picha, Speckbohnen, ni maharage manane hadi kumi yaliyokwisha kuiva, yamezungushiwa kipande chembamba cha Speck na kukaangwa. Mimi nazungushia nyama ya ng'ombe ya moshi iliyokatwa nyembamba, ya duka la halali. Kwa kuwa haina mafuta, natia siagi kwenye kikaango na moto uwe wa wastani, la sivyo inakauka na kuwa kamba. Nyama ya bata mzinga ya moshi nayo inafaa, ila ni nyepesi ladha. Vifurushi hivi vinakwenda vizuri na mguu wa kondoo wa kuoka. Kondoo na maharage mabichi ni ndoa ya zamani hapa, hasa Pasaka, kwa hiyo mama mkwe hataona umebadilisha kitu.

Kuna na chakula cha kaskazini, Hamburg na Schleswig-Holstein: mapeasi, maharage na Speck katika sufuria moja, mwezi wa nane na wa tisa. Mapeasi ni yale madogo magumu ya kupikia, yanawekwa mazima na vikonyo vyake juu ya maharage. Nilipoonja mara ya kwanza nilikumbuka mapeasi ya Lushoto, yale magumu tuliyokuwa tunanunua barabarani. Mtu wa Tanga anaweza kulipika hili kwa nyama ya moshi ya ng'ombe.

Tukirudi kwako: kama hupati maharage ya hapa, maana msimu wake ni Julai hadi Oktoba, chukua yale membamba yanayotoka Kenya, mishiri, ukiangalia lebo utayaona. Ni mazuri sana, ila ni machanga, yaonje kuanzia dakika ya kumi. Saladi itengeneze Jumamosi jioni. Jumapili itoe kwenye friji saa moja kabla ya chakula, uionje upya, kwa sababu usiku maharage yatakuwa yamekunywa siki na chumvi yote. Mara nyingi mimi huongeza kijiko kimoja cha siki na chumvi kidogo, ndipo napeleka mezani.